Uzoefu wangu na The Tombs of Atuan: riwaya isiyo na haraka

Kama unataka riwaya ambayo panga limeshachomolewa ukurasa wa kwanza, hii ya Ursula K. Le Guin itakuchosha mapema. Mimi imenishika, na kilichonishika hasa ni huo mwendo wake wa taratibu.

Ilitoka mwaka 1971, ikiwa ya pili katika mfululizo wa Earthsea, ila unaweza kuianza bila kusoma ya kwanza kwa sababu mhusika mkuu ni mgeni kabisa. Ni Tenar, binti aliyezaliwa usiku uleule aliokufa kuhani mkuu wa Makaburi ya Atuan, mahali pa ibada panapotajwa kwenye jina la kitabu. Watu wa huko wanaamini kuhani huyo amezaliwa tena, basi mtoto anachukuliwa kwa wazazi akiwa na miaka mitano, ananyang'anywa jina na kuitwa Arha, yaani Aliyeliwa. Hapo niliiweka chini kwanza.

Kisha sura baada ya sura hakuna vita wala safari. Kuna ukuta, jangwa, kusokota sufu, ibada zilezile, na chini ya ardhi pango ambalo kuwasha taa ndani yake ni mwiko. Kipaji cha Tenar kinajitokeza humo gizani. Hana uchawi, ana kumbukumbu ya ajabu. Anapapasa ukuta kwa vidole, anahesabu njia za kushoto na za kulia, hadi anazimudu njia zilizochimbwa makusudi ili mtu apotee afie humo. Kipaji hicho kinamfurahisha na kumfunga kwa pamoja. Kuna sura anawahukumu wafungwa wafe kwa njaa na kiu, halafu anaugua na kuandamwa na ndoto mbaya. Mwandishi hamtetei hata kidogo, na nilimheshimu kwa hilo.

Mchawi Ged, ambaye waliosoma kitabu cha kwanza wanamsubiri kwa hamu, haingii mpaka sura ya 5 kati ya 12. Kabla ya kumwona mtu, Tenar anaona mwanga mahali pasipowahi kuwa na mwanga. Pango lote linametameta kwa fuwele na chokaa nyeupe, na yeye aliyelijua kwa vidole hakuwahi kujua kwamba ni zuri. Nilisoma ukurasa ule na kuurudia. Mwandishi angemleta Ged sura ya 2, mwanga ule ungekuwa taa tu. Zile kurasa nyingi za giza ndizo zinazofanya ushtuke pamoja na Tenar.

Lawama yangu moja ni Kossil, kuhani mwenye roho mbaya: amechorwa kwa rangi moja mno. Penthe, rafiki anayependa matofaa na asiyejali dini, ana kurasa chache na bado anabaki kichwani zaidi yake.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, mwanafunzi wa sekondari anayependa kusoma atakimudu. Ila usikisome vipande vipande ndani ya daladala. Kipe usiku mtulivu, sura mbili tatu kwa mkupuo, na usiruke yale maelezo ya njia za chini hata yakikuchosha. Tehanu, riwaya nyingine ya Earthsea ya mwaka 1990, inamrudia Tenar akiwa mjane wa makamo, na ndiyo ninayoisoma sasa.