Nimeshusha Toyota Carina Ti ikae chini kwa shilingi 230,000 hapa Arusha, ila nilishachoma 40,000 kabla

Wakuu, kwa wenye haraka nianze na jibu. Springi fupi za mtumba seti ya nne 140,000, ufundi 60,000, alaimenti (kunyoosha matairi) 30,000, jumla 230,000 na gari imelala fresh. Kazi yote naipa nyota nne kati ya tano, ile ya tano imebaki kwenye shokapu za nyuma nitafika huko. Hizo 40,000 za kwenye kichwa cha habari hazimo kwenye hesabu, hizo nilizitupa mwenyewe kwa kiherehere.

Gari ni Ti ya injini ya 5A, niliachiwa na baba mdogo, nzima kabisa ila imesimama juu utadhani inasubiri kupelekwa shamba. Nimeweka rimu za 15 na tairi 195/50, ndo ikawa mbaya zaidi, tairi dogo limeelea ndani ya fenda na pengo ngumi inapita. Halafu jueni tu, kutoka 185/65 ya rimu 14 kuja hiyo 195/50 gari inashuka kama sentimita 1 bila kugusa springi, na spidomita inaanza kukudanganya kidogo, inasoma juu kuliko mwendo wenyewe.

Sasa kuna dogo mmoja Ngarenaro akaniambia bro kukata tu, nakupigia grenda dakika ishirini unaondoka, elfu kumi kwa kila springi. Nikaona hapo ndo penyewe. Kakata mzunguko mmoja na nusu kila upande, springi za mbele hata hakuzishusha, kalala chini ya gari kafunika mpira wa breki kwa kitambaa kilicholowa cheche zinaruka, mi niko pembeni nakula mahindi ya kuchoma naangalia kama sinema. Siku hiyo gari ilikaa chini balaa. Nikapiga picha, nikatuma kwenye magrupu yote.

Kesho yake asubuhi nikapita kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, mwanangu meno yaligongana. Nilidhani ni upepo wa tairi umezidi, kumbe springi ukiifupisha kwa kukata inakuwa ngumu zaidi, hii watu wengi hawaijui. Chukua springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, kata mmoja zibaki 5, ugumu unapanda asilimia 20 hapo hapo. Sasa mi nimekata mmoja na nusu, ugumu umepanda na nafasi ya shokapu kushuka imeisha, kwa hiyo kila shimo gari inagonga ile raba ya ndani ya shokapu, inayobeba gari sio springi tena ni raba. Na ncha ya springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake maana kiwandani waliikunja iendane nacho. Nikikata kona nasikia KO! chini ya miguu, springi inajizungusha. Siku nimepata pancha nimeinua jeki, springi ya kushoto ikalegea kabisa, naichezesha kwa mkono kama bangili. Hapo ndo nikaogopa kweli. Hebu fikiria iko hivyo halafu unaruka tuta kwa spidi.

Ukimsikia mtu anasema usikate kwa grenda, ichome kwa gesi ishuke yenyewe, huyo mkimbie kabisa, chuma cha springi kikipata moto ule kinapoteza uimara wake na gari itaendelea kushuka hata ukiwa umelala.

Basi nikarudi kujipanga. Springi nilizipata kwenye duka la spea za mtumba, jamaa alianza na laki mbili tukashindana nusu saa nzima hadi 140,000. Risiti hakuna, garantii kasema ukishatoka mlangoni ni zako. Alikuwa anasisitiza ni TEIN, zile za kampuni ya Japani, kisa zina rangi ya kijani, nikamwambia boss rangi hata mi nnayo kopo nyumbani. We angalia hivi, zisimamishe mbili mbili kwenye sakafu iliyo sawa uone kama urefu unalingana, halafu pitisha kucha kwenye kutu hasa mzunguko wa chini kabisa, kutu ikiwa imechimba mashimo achana nayo maana springi hukatikia hapo. Za kwangu zilikuwa na mchubuko wa rangi tu.

Ufundi nilienda kwa mzee mmoja Unga Limited, na hapa ndo hela yangu ilifanya kazi. Kwanza alikataa kuanza hadi aone springi zilizokatwa, akaziangalia, akacheka, akaniuliza "mwanangu ulilipia hii?" Nikanyamaza. Halafu ana mashine ya kubania springi ya ukweli, yale makucha mawili yenye skrubu ndefu, sio kufunga kamba wala waya kama nilivyoona kwingine. Kanikatalia kusimama mbele ya shokapu wakati anafungua nati ya juu, springi iliyobanwa ikifyatuka haijui sura ya mtu. Mbele kote saa moja na nusu, nyuma kukachelewa kwa sababu bolti moja iliganda, akaipaka oili tukaenda kunywa chai.

Kitu kingine kilichonifurahisha, bolti za bushi (zile raba za maungio ya chini) alizilegeza kisha akazikaza gari ikiwa imesimama chini kwa matairi yake. Anasema ukizikaza ikiwa juu ya jeki, ukishusha gari bushi inabaki imejipinda muda wote na haimalizi miezi inachanika. Mafundi wangapi wanafanya hivyo jamani?

Vipimo: katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda ilikuwa sentimita 37, sasa 33 na nusu, kushoto na kulia sawa. Ile ya grenda ilikuwa 31 upande mmoja na 32 mwingine, gari ilikuwa inaenda imeinama kama mtu amebeba ndoo.

Alaimenti nilisubiri wiki springi zitulie. Msiiruke hii, gari ikishuka matairi ya mbele yanalala kwa juu kuja ndani na mwelekeo unabadilika, tairi inaliwa upande wa ndani ambao huuoni hadi waya zitoke. Kwenye Ti wanarekebisha tairodi tu, zile fimbo za usukani zinazogeuza tairi, ile kulala kwa tairi huwezi kuirudisha bila bolti maalumu, ila kwa sentimita tatu na nusu mi sijaona shida. Na taa rekebisheni, zinamulika karibu mno.

Majaribio ndo safari ya nyumbani Machame. Njia nne ya Sakina mpaka Tengeru gari imeshika barabara kinoma, haiyumbi, kona unakata huku kikombe cha kahawa kimetulia. Matuta ya Usa River na Kikatiti napita taratibu kwa mshazari, sijagusa hata moja. Kwasadala kupanda juu safi.

Kurudi sasa. Bibi yuko siti ya nyuma, shangazi pembeni yake, buti ina mikungu mitatu ya ndizi na debe la maparachichi, na bibi hataki kusikia habari ya kupunguza mkungu. Boma tu pale tuta la kwanza, DUU! nyuma imekaa kwenye raba. Bibi akauliza, "mjukuu wangu, hii gari imeharibika?" Nikamwambia hapana bibi ni mtindo. Akanyamaza mpaka KIA ndo akasema mtindo gani wa kuumiza mgongo. Hapo ndo nyota ya tano ilipoishia. Springi hazina kosa, ni shokapu zangu za nyuma zimechoka, gari ikiwa tupu huoni ila ukipakia inashuka hadi mwisho na kunesa mara tatu. Mzee wa Unga Limited alishaniambia nizibadilishe siku ile ile, nikajifanya bajeti imeisha.

Kwa anayeishi Moshono au Olasiti ndani huko barabara ya vumbi, masika ikianza na mitaro ile, mi nasema baki na urefu wako. Mimi kwangu ni lami hadi getini.

Sasa nasaka shokapu za nyuma za Ti, jozi, mtumba iliyo kavu isiyovuja oili, nina 90,000 mkononi. Mwenye nazo Arusha au Moshi aniambie, nazifuata mwenyewe kabla bibi hajataka kurudi kwake.