Mafunzo ya wasiwasi kwa wanafunzi, Mtwara: siri ya mpwa wangu waliisoma kwenye kipaza sauti

Kama una mtoto wa sekondari anayesumbuliwa na wasiwasi na unataka kumpeleka kwenye haya mafunzo ya likizo hapa mjini Mtwara, soma kwanza. Nimepoa kidogo, ila si sana.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Akili anazo, madaftari yake yanajieleza. Lakini mtihani ukikaribia tumbo linamkaza, mikono inalowa jasho, moyo unamwenda mbio, na mara nyingine anatapika kabla karatasi hazijagawiwa. Shuleni waliuita uvivu. Jirani akasema ni jini, akatutajia na mganga. Mimi nikalipa ada ya mafunzo, tena wakati korosho ziko bado juu ya mti na nyumba nzima inakula kwa mkopo wa dukani.

Mwanzoni nilifurahi, nasema kweli. Kulikuwa na dada mmoja mkufunzi, mpole, akawafundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita, maana kuitoa polepole ndiko kunakoutuliza moyo. Akawafundisha kuliandika wazo linalowatisha, kisha kulihoji: ushahidi uko wapi kwamba nitafeli? Akaja na ngazi ya hofu. Unayapanga unayoyaogopa kutoka dogo hadi kubwa, unapanda moja moja bila kukimbia, kwa sababu kila ukikimbia hofu inanenepa. Binti akirudi Chuno jioni anawafundisha wadogo zake ile pumzi. Wangeishia hapo ningewasifu mji mzima.

Kisha akaingia mwenye mafunzo mwenyewe. Watoto walikuwa wameandika hofu zao kwenye karatasi, wakaahidiwa hakuna atakayezisoma. Yule bwana akazikusanya, akachomoa ya mpwa wangu, akaisoma kwenye kipaza sauti: anaogopa kutapika mbele ya wenzake. Akamwita mbele kwa jina. Ukumbini walikuwemo wanafunzi wa shule yake. Wakacheka, naye akawaacha wacheke.

Kusimama mbele ya watu alikuwa amekuandika juu kabisa ya ngazi yake! Walimwambia apande polepole, halafu wakamrusha kileleni asubuhi moja. Na huo utaratibu wa kupanda polepole si wa juzi. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliueleza kitabuni tangu 1958. Mtu anayeuza mafunzo haya leo atasema hakujua?

Nikaenda kumwona. Nikapiga hodi kwa adabu: "Habari za kazi, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu." Hata kiti hakunipa.

"Wewe ni baba yake?"

"Mjomba wake."

"Basi baba yake ndiye aje. Na huyo mtoto mnamdekeza."

Jamani! Mtu anafanya kazi Mtwara, katikati ya Wamakonde, hajui mjomba ni nani? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akicheza unyago, akija mtu kumposa, anayetafutwa ni mjomba. Siku ya kupokea ada hakuniuliza baba yuko wapi, na risiti ina jina langu. Hilo neno bado linanichoma, na sitalisahau.

Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za mtoto inazihesabu kuwa nyeti. Wanaokusanya siri za watoto wanapaswa kuijua kuliko mimi mkulima.

Sasa, mbinu zenyewe zinafaa? Zinafaa. Mtihani wa muhula binti aliingia na pumzi yake ya nne na sita, akaandika mpaka mwisho, hakutapika. Hiyo ni kazi ya yule dada, Mungu ambariki. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema mpelekeni mtoto mradi dada yupo. Lakini nikikumbuka vile vicheko, hapana. Msipeleke. Dada akianzisha mafunzo yake, nitakuwa wa kwanza kulipa.

Karatasi ya mwanangu bado iko kwao. Naitaka. Mwenye mafunzo ailete Chuno kwa mkono wake, amwombe binti radhi mbele ya mama yake, na mimi mjomba nikiwepo. Ada wakae nayo.