Uzoefu wangu na We Were Liars: mapenzi ya ushuani, ugomvi wa mirathi

Kama umeshachoka na tamthilia za mapenzi ya watoto wa kishua, hii usiipite haraka. Nimeimaliza We Were Liars kwenye Prime Video, sehemu zote nane, na mabusu ya ufukweni siyo yaliyonikalisha. Kilichonikalisha ni mirathi.

Familia ya Sinclair ina kisiwa chake, Beechwood, karibu na Martha's Vineyard huko Massachusetts, Marekani. (Kisiwa ni cha kubuni, walirekodia Nova Scotia, Kanada.) Kila kiangazi ukoo mzima unahamia huko, miezi ambayo sisi Dar tuko kwenye kipupwe na watu wanatembea na masweta Kariakoo. Cadence, mjukuu wa kwanza, anampenda Gat, kijana mwenye asili ya Kihindi anayefika kisiwani kwa sababu tu mjomba wake ana uhusiano na mama mkubwa wa Cadence. Halafu binti anaokotwa ufukweni, kichwa kimeumia, kumbukumbu hana. Akirudi kiangazi kinachofuata, hakuna anayetaka kumwambia kilichotokea. Na mimi sisemi.

Mapenzi yenyewe ni ya kawaida. Wanatazamana sana kuliko wanavyoongea, na katikati pale nilikuwa naangalia huku nakunja nguo.

Lakini huyo babu, Harris! Ana mabinti watatu, Carrie, Penny na Bess, kila mmoja ana nyumba yake kisiwani, na mwenye kauli juu ya zote ni mzee peke yake. Bibi Tipper akishafariki, wanaanza kugombea mpaka vitambaa vya meza. Aliyewahi kukaa kikao cha ukoo baada ya arobaini, watu wakivutana nani awe msimamizi wa mirathi kabla ya kwenda mahakama ya mwanzo, atawatambua hawa dada mara moja. Tofauti ni kwamba sisi mara nyingi tunagombana kwa sababu marehemu hakuacha wosia. Harris yu hai, anaona kila kitu, na anafurahia. Leo anamwahidi huyu, kesho yule, nao kina mama wanawatuma watoto wao wakambembeleze babu. Mama yangu alipita sebuleni kuchukua chaja, akasimama, akakaa. "Huyu mzee anawachonganisha makusudi," akasema, na chaja ikasahaulika.

Gat ndiye anayeuona uozo wote, maana yeye ni mgeni wa kila mwaka ambaye hajawahi kukaribishwa sawasawa. Kwenye kitabu cha E. Lockhart ambacho tamthilia hii imetokana nacho, kilichotoka 2014, kuna jambo dogo lililoniuma: Harris hamwiti kwa jina, ni "kijana" tu, miaka yote. Kitabu pia kina vihadithi vya mfalme na mabinti zake watatu, ambavyo Cadence anavibadilisha kila mara, na ndani yake anasema yale asiyoweza kuyasema mezani. Kwangu kitabu kinashinda. Ni kifupi na hakina pale katikati pa kukunjia nguo.

Tamthilia naipa nyota nne kati ya tano, moja nzima kwa ajili ya kina mama. Pakua sehemu zote kwenye simu ukipata waifai ya bure, weka ubora wa chini, bando litapumua. Ina pombe, matusi na mambo ya chumbani, kwa hiyo usiifungue baba mkwe akiwa sebuleni.

Ukinogewa, Lockhart ana kitabu kingine, Family of Liars cha 2022, ambapo Carrie anasimulia ujana wake kisiwani mwaka 1987. Usikiguse kabla ya hiki cha kwanza: kurasa zake za mwanzo tu zinaitoboa siri ya Cadence.