Wijeti za fomu za Django, kwa mgeni aliye kwenye feri

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo twachambua wijeti za Django (mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python), yaani vile visanduku ambavyo mtu hujazia fomu. Hii hapa ni fomu ya kuweka nafasi ya chumba kwenye nyumba ya wageni huku Mji wa Kale, Mombasa. Anayeijaza mfikirieni yuko kwenye feri ya Likoni, jua kali, mzigo mkono mmoja, simu mkono wa pili. Huyo ndiye ninayempimia kila kitu.

Nambari ya simu kwanza. Wengi huiweka IntegerField, sehemu ya namba kamili. Msifanye hivyo, jamani! Nambari zetu zaanza na 07 au 01, na Django ikiisoma kama namba kamili, ile sifuri ya mbele yapotea. Tumieni CharField, sehemu ya maandishi, wijeti iwe TelInput, iliyoingia toleo la 5.2 mwaka 2025. Mwaona? Kibodi ya namba imetokea yenyewe. Mwenye toleo la nyuma achukue TextInput, na kwenye attrs, yaani sifa za HTML za kisanduku, aandike type (aina) iwe tel. Matokeo ni yale yale.

Sasa tarehe, na hapa tukae kidogo. DateInput ukiiacha ilivyo, yakupa kisanduku cha maandishi tu. Huyu ataandika 5/8, yule "tano Agosti", na fomu yawarudishia kosa wote wawili. Weka type iwe date, kalenda ya simu yafunguka. Vizuri. Lakini mgeni akirudi kubadilisha siku, aweza kukuta kisanduku kitupu, na tarehe yake imo kwenye hifadhidata! Kivinjari hapo chapokea mwaka-mwezi-siku peke yake, na mradi wenye lugha ya en-gb (Kiingereza cha Uingereza) watoa siku/mwezi/mwaka. Dawa ni kuandika format='%Y-%m-%d' ndani ya DateInput. Hapa Django nawakata alama, maana kalenda ilistahili kuja bila kuombwa.

Upande wa sura, attrs yatosha kwa visanduku vitatu vinne. Vikizidi, faili lako la Python lajaa majina ya CSS (lugha ya kupamba kurasa), na fundi wa sura hana pa kushika. Tangu toleo la 1.11, mwaka 2017, wijeti huchorwa kwa templeti, yaani faili za HTML, nawe waweza kuweka yako. Kwenye mipangilio ya mradi, FORM_RENDERER iwe TemplatesSetting, na django.forms iongezwe kwenye INSTALLED_APPS. Ukiisahau hiyo ya pili, templeti za asili hazitaonekana.

Kilichonifurahisha zaidi ni as_field_group ya toleo la 5.0. Yachora lebo, maelezo, kosa na kisanduku kwa pamoja. Tena toleo hilo hilo lafunga maelezo na kisanduku chake kwa sifa ya HTML iitwayo aria-describedby, hivyo mgeni asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, asomewa maelezo pale pale anapofika kwenye kisanduku. Ukichora wijeti yako mwenyewe, nakuomba sana, usiifute sifa hiyo.