Matairi ya njumu: msimu wangu wa tatu wa baridi kwenda kazini kwa baiskeli Minneapolis, Marekani

Mimi si mwanamichezo. Naendesha baiskeli kwa sababu zamu yangu kwenye idara ya kufua nguo ya hospitali inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa hizo basi la kuunganisha likikuacha utasimama kituoni kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri ukisindikiza taa zake kwa macho. Kwa baiskeli ni dakika 35. Theluji ikiwa mbichi, 45.

Sehemu kubwa ya safari yangu ni Midtown Greenway, njia ya baiskeli na waenda kwa miguu iliyotengenezwa kwenye mkondo wa reli ya zamani, takriban kilomita 9 kutoka upande wa maziwa hadi karibu na mto Mississippi. Sehemu yake ndefu imekaa chini, kama uko ndani ya handaki lisilo na paa, na magari yanapita juu yako kwenye madaraja. Upepo mwingi unakupita kichwani. Tena mara nyingi gari la kuondoa theluji hupita huku kabla ya kufika mtaani kwetu, kwa hiyo kuna asubuhi ambazo kazi ngumu ni zile mita mia tatu za kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye njia yenyewe.

Nimekulia Njombe. Baridi ya Juni naijua, na umande ulioganda juu ya majani ya viazi nimeukanyaga nikiwa na kandambili. Nilishabeba gunia la viazi kwenye keria ya Phoenix nikashuka nalo mteremko wa udongo mwekundu mvua ikinyesha. Ndiyo maana msimu wa kwanza nilijiamini kupita kiasi. Utelezi ni utelezi, nikasema.

Si kweli. Tope linakuonya: gurudumu la nyuma linaanza kucheza, unashusha mguu. Barafu haina salamu. Novemba ile, kwenye daraja la Martin Olav Sabo linalovuka Hiawatha Avenue, lami ilionekana imelowa tu. Daraja huganda kabla ya barabara ya ardhini kwa sababu hewa baridi inalipiga juu na chini, wakati ardhi bado ina joto lake kidogo. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati huo nilijikuta nimelala ubavu, baiskeli ikiwa imetangulia mbele yangu kama haikuwa na habari na mimi, na kiwiko kilikaa wiki tatu bila kukunjika vizuri.

Nikanunua matairi ya njumu. Wengi hapa tunayaita ya misumari, ila njumu ni neno sahihi zaidi, maana ni kama viatu vya mpira wa miguu: vipande vidogo vya chuma vimechomoza kwenye mpira wa tairi. Jozi ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, ya mtandaoni, na sitaki hata kuitaja. Njumu zake zilikuwa chuma cha kawaida. Lami kavu ikazisaga, na kufika Februari ukipitisha kidole unakuta zimelala sawasawa na mpira. Kadhaa zilichomoka kabisa. Muuzaji nilimwandikia mara mbili; jibu lake lilikuwa nipe nyota tano kwanza.

Ya pili ndiyo ninayoisifia leo: Schwalbe Marathon Winter Plus, ya upana wa milimita 42, njumu 240 kila tairi. Kiini cha kila njumu ni tangsteni kabaidi, kitu kile kile kigumu wanachoweka kwenye ncha za mashine za kutoboa mawe. Jozi ilinigharimu zaidi ya dola 150 na nilinung'unika siku nzima. Huu ni msimu wake wa pili. Juzi niliketi sakafuni na kikombe cha chai nikazihesabu: zimepungua saba kwa matairi yote mawili.

Kuna jambo ambalo watu hulipuuza. Mtengenezaji anashauri kilomita 40 za mwanzo uende taratibu kwenye lami, usifunge breki kwa nguvu wala kukanyaga pedeli kwa hasira, ili njumu zikae sawa kwenye vitundu vyake. Jozi ya kwanza sikufanya hivyo, na sehemu ya lawama nachukua mwenyewe.

Nzito? Nzito mno. Wiki ya kwanza utadhani breki zimekamata. Na kelele: kwenye lami kavu zinachachatika kama maandazi yametumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Watembea kwa miguu wanageuka kabla hujapiga kengele. Ila ukiingia kwenye barafu, kelele inakuwa nzito, ya kutafuna, na hapo ndipo moyo unatulia.

Siri iko kwenye upepo wa tairi. Njia ikiwa safi najaza mpaka 60 psi (kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), tairi linasimama na njumu za pembeni hazigusi sana. Utabiri ukitaja barafu, nashusha mpaka 40, tairi linalala kidogo na njumu zote zinauma. Nina pampu yenye saa ya kipimo, na naitumia zaidi ya ninavyotumia pasi.

Zinaposhindwa pia niseme. Theluji iliyosagwa na magari ikalegea kama machicha ya nazi haijali njumu zako. Gurudumu la mbele linaenda linakotaka. Wenye baiskeli za matairi manene wanapita wakikupungia mkono. Mimi nashuka nasukuma, sioni aibu.

Watu wananiuliza sana habari za baridi, na nawaambia siku mbaya kuliko zote si ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku hiyo ni kavu. Unavaa sufu ndani, kitu cha kuzuia upepo juu, unaanza safari ukihisi ubaridi kidogo, na baada ya kilomita mbili uko sawa. Siku mbaya ni ya nyuzi moja juu ya sifuri na mvua. Unalowa kama masika, halafu jioni inaganda. Nilitumia hela nyingi kwenye koti lililoandikwa kwamba halipitishi maji. Kweli halipitishi, wala jasho halitoki. Nilifika kazini nimelowa kwa ndani, nikacheka peke yangu mbele ya kabati.

Kilichonisaidia kwenye mvua ni kitu cha bei ndogo: madigadi marefu, mbele na nyuma, na kipande cha mpira nilichokifunga chini ya lile la mbele mpaka karibu kugusa ardhi. Miguu ikabaki mikavu, maana maji mengi yanayokulowesha hayatoki mawinguni, yanarushwa na tairi lako mwenyewe. Na ile mifuko minene inayovalishwa kwenye usukani, unaingiza mikono humo na breki ziko humo humo. Sura yake ni ya kuchekesha. Navaa glavu nyepesi tu ndani yake. Zikilowa, naziweka juu ya mashine ya kukaushia kazini. Hayo ndiyo marupurupu ya idara yetu.

Chumvi ya barabarani ndiyo adui wa baiskeli. Cheni naifuta na kuipaka oili kila Jumamosi, na bado kila baridi ikiisha nanunua mpya. Siku moja ya baridi kali pedeli zilizunguka bure, gurudumu haliendi: grisi ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa imeganda, vile vimeno vinavyoshika havikushika. Nikaipandisha baiskeli kwenye rafu iliyo mbele ya basi, nikaenda kama abiria wengine. Fundi aliosha grisi nzito akaweka nyepesi, basi.

Mama alipiga simu wiki iliyopita.

"Mwanangu, huko Marekani hakuna daladala?"

"Zipo, Mama, lakini zinachelewa."

"Na ile baiskeli ya baba yako uliyosema ukirudi utaiuza?"

Nilicheka tu. Nimemwambia fundi wa Njombe aiangalie rimu. Kwa huku, utabiri wa kesho ni mvua mchana, kisha kuganda usiku. Nimeshapunguza upepo wa matairi.