Imulike kwanza kabla hujanunua: karatasi za boksi la taa na za negativu

Haya wadau, karibuni. Leo nina tatu mezani, zote za printa ya wino: karatasi ya picha ya kung'aa, filamu nyeupe kama maziwa ya mabango ya taa, na filamu angavu ya kampuni ya Pictorico. Nazima taa ya chumba, nawasha tochi ya simu.

Ya kwanza hii. Mnaona? Mwanga unapita kwa mabaka, na pale shavuni kwa bibi harusi limejitokeza jina la kiwanda, lile lililochapwa mgongoni. Ukiishika mkononi ni picha safi kabisa. Kwenye boksi la taa, lile lenye taa nyuma ya picha, aibu tupu. Karatasi za picha za barita ndiyo usiguse: zina tabaka la salfeti ya bariamu, kazi yake kuurudisha mwanga.

Sasa ya maziwa. Mwanga unatawanyika vizuri, vitaa vya nyuma huvioni kama nukta. Lakini mbona nyekundu imepauka na nyeusi imekuwa kijivu? Printa msiilaumu. Picha ya ukutani, mwanga unaingia kwenye wino, unagonga karatasi, unatoka kupitia wino uleule. Mara mbili. Hapa unapita mara moja tu, basi wino lazima uwe mzito zaidi. Hii nyingine nimeizidishia wino. Ukiitazama hivi utasema imeungua. Haya, naiwashia... eeh! Hiyo hapo.

Kwenye negativu, yaani filamu yenye picha iliyogeuzwa mwanga na giza, unayoilaza juu ya karatasi yenye dawa ili mionzi ya jua ichome picha, maziwa hayo hayo ndiyo adui, yanatia ukungu kwenye mistari. Ukitaka kufanya sayanotaipi, zile picha za bluu alizozigundua mwanasayansi John Herschel mwaka 1842, tafuta filamu angavu yenye tabaka la kunywa wino. Pictorico ina tabaka la kauri, wino unatulia hapohapo. Mimi niliwahi kujifanya mjanja, nikachukua plastiki za fotokopi dukani. Kesho yake wino ulikuwa bado mbichi, nikaufuta kwa kidole!

Upande wa kuchapa utaujua hivi: lowesha kidole, gusa kona. Unaonata ndio wenyewe. Chapa picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, ili wino ulale moja kwa moja juu ya karatasi yenye dawa. Na msidanganywe na macho: wino unaoonekana mweusi tii unaweza kupitisha mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayochoma picha, ndiyo maana wengine huchapa negativu za kijani au za machungwa. Jaribu kipande kidogo kwanza.

Bei ya Pictorico inauma, sitaficha. Ukishindwa, chukua karatasi ya kawaida ya gramu 80, chapa, ipake mafuta ya kula kwa pamba mgongoni, ifute. Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha kule Uingereza, miaka ya 1840 alizipaka nta negativu zake za karatasi. Nyuzi za karatasi zitaonekana. Kwa picha ya ukuta wa zamani mimi naipenda hivyo, kwa sura ya mtu hapana.