Kompyuta ya roketi yenye redio: jaribio la mezani Kampala

Kompyuta hii ndogo, ambayo hupima shinikizo la hewa ili kujua kimo na kufungua parachuti, niliinunua kwa sababu ina redio ya megahezi 433 ya kunisaidia kuipata roketi yangu ndogo ikianguka nyasini. Kabla ya kuiweka ndani ya roketi pamoja na kompyuta yangu ya zamani, niliijaribu nyumbani Ntinda. Nilifunga balbu ndogo mahali pa viwashio vya baruti inayosukuma parachuti nje, nikaziweka kompyuta zote mbili ndani ya mtungi wa kioo, nikafyonza hewa polepole kwa bomba la sindano kana kwamba roketi inapanda, kisha nikairudisha kana kwamba inashuka.

Redio ikiwa imezimwa, kila balbu iliwaka kwa wakati wake. Nilipoiwasha, antena ikiwa sentimita 3 tu kutoka nyaya za kompyuta ya zamani, balbu yake ya parachuti kubwa, ile ya kufunguka karibu na ardhi, iliwaka papo hapo, hata kabla sijaanza kufyonza hewa. Ingekuwa baruti, ingenilipukia mikononi.

Nilizifupisha nyaya, nikazisokota jozi kwa jozi, na kuisogeza antena hadi sentimita 20. Kosa halikurudi katika majaribio 10. Kimo inakisoma vizuri sana. Ila kijitabu chake hakisemi lolote kuhusu umbali wa antena, na hilo ni kosa kubwa la mtengenezaji. Nitaitumia, lakini itakaa peke yake kwenye pua ya roketi.